Miezi Minane Juu ya Kinga

Naandikia weye mwenye umetoka leo ku dirisha ya bakohoaji, na karatasi ya miezi minane mu mukono, na haujui bado utasema nini ukifika nyumbani. Mimi nilipita pale. Leo niko muzima, nakula bugali yangu, napanda mulima na mukungu ya ndizi ku mugongo. Niliachia masomo mu mwaka wa tatu ya primaire, donc usitafute hapa mambo ya madaktari. Sijui ile kinini, ile vidonge, inafanya nini mu kifua. Najua tu inafanya nini ku maisha ya mutu mwenye anaimeza.

Dada yangu mudogo Katungu aliniomba niache majina ya batu. Alisema, "Yaya, ile mambo imepita." Kwake imepita. Majina nitaandika.

Nilikuwa na miaka makumi tatu na tatu. Tulikuwa tunakaa Vulamba, mutaa ya Butembo, mimi na bwana yangu Kambale na mutoto wetu mumoja, Alphonsine, mwenye miaka saba. Nilikuwa naenda Alimbongo kununua viazi na kuja kuuzisha ku soko ya Butembo. Ilikuwa ile miaka ya vita yenye basoda, ndio baaskari, balikuwa banabadilisha kofia tu, leo hawa, kesho bale, na sisi tulikuwa tunalipa ku barrière ileile yenye inafunga njia. Kukohoa ilianza wakati batu banapanda maharagi. Wakati maharagi inachanua, kitenge yangu ilikuwa inazunguka kiuno mara mbili.

Kwetu, mutu akikohoa mwezi muzima na dawa ya duka haisaidie, habaulizi ana ugonjwa gani. Banauliza alikula wapi, nani alimupa sumu. Mama mukwe wangu, Masika, aliniuliza ile swali, na mimi nilimujibu. Ile kosa naiweka ku jina yangu mwenyewe. Nilisema nilikunywa chai kwa Mama Zaina.

Mama Zaina alikuwa jirani, Muislamu, alizaliwa Beni. Alikuwa anapika mandazi ya kuuzisha asubuhi. Bwana yake, Saidi, alikuwa anatosha mafuta ya ngazi, ile mawese, Beni na kuileta Butembo juu ya kinga, ndio baiskeli, bidon tatu kwa safari. Habakukuwa batu ya damu yetu, habakukuwa batu ya kanisa yetu. Basi ilitosha. Masika alisimama mbele ya mulango yao saa ya misa ya kwanza, wakati njia imejaa batu, na akasema yenye alisema. Toka ile siku hakuna mutu alinunua tena mandazi pale.

Mimi balinipeleka Bulengera kwa muganga wa miti, jina yake Mbusa. Alinitapisha miezi mitatu. Kila mara alikuwa anachokora mu basini na kijiti na kutosha kipande ya nyama, anaonyesha batu: "Hii hapa, chai ya Mama Zaina." Nyama mu chai. Hakuna mutu aliuliza, hata mimi. Nilikuwa naona kile kipande na kusema asante. Mbusa angali anafanya kazi. Ukipita Bulengera, upite mbio.

Nilianguka ku soko, kati ya viazi yangu, na bamama benye tuliuzisha pamoja ndio balinibeba mupaka ku centre ya afya. Hivi nilifika ku dirisha ya bakohoaji.

Unaijua. Iko nyuma, karibu ya choo, ili batu ya mbele babakie na roho safi. Kuna benchi moja. Bote banakaa uso ku ukuta. Nilifunika kichwa yote na kitenge ili hakuna mutu anijue. Muzee moja mwenye chapeo aliniinamia.

"Binti, unafunika kichwa bure. Mimi nimekujua ku miguu. Weye ndiye wa viazi."

Nilicheka, na kicheko ikageuka kikohozi, na yeye pia akakohoa, na benchi muzima ikafuata, kama kwaya. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka mu miezi mitano. Balinipima: kilo makumi ine na moja.

Infirmier, muuguzi wa ile dirisha, alikuwa anaitwa Jérôme. Miezi mbili ya kwanza unameza mbele yake, kila asubuhi, jua, mvua, risasi. Alinieleza kitu moja vizuri, nitamupa ile: ukiruka siku nyingi, unarudia mwanzo, na safari hii ni pamoja na sindano makumi sita. Alisahau tu kueleza Kambale kwamba kinini inageuza mikojo nyekundu.

Kambale aliona pot yangu ya kukojolea siku ya kumi na mbili.

"Mikojo ya mutu haiko hivi," alisema.

"Ni dawa. Muulize Jérôme."

"Nimuulize, anijibu nini? Ni yeye mwenye anakupa."

Mama yake alisema ni sumu inatoka na damu, na kwamba mutoto asilale tena mu ile nyumba. Kuhusu mutoto alikuwa na haki, mais si kwa sababu yenye alisema. Toka pale nilikuwa na kikombe yangu, imefungwa uzi ya alama ku mushikio, na sahani yangu, na musala yangu ya kulalia karibu ya mulango. Kisha wiki mbili kupita, Kambale alichukua Alphonsine na kupanda gari ya basoda kwenda Beni, kwa yaya yake Mumbere, ndugu yake mukubwa. Mutoto alikuwa anaangalia nyuma, mais baba yake alimugeuza kichwa na mukono, polepole, kama batu banageuza kichwa ya mbuzi.

"Siku utaleta karatasi ya hospitali yenye inasema umepona, utachukua mutoto," aliniambia. "Bila karatasi, hapana kuja."

Nilishika ile neno. Hakukuwa kitu ingine ya kushika. Miezi minane bila kuruka, karatasi, mutoto.

Mwezi wa tatu Jérôme alifungua dirisha nusu. "Dawa imeisha, mama. Barabara imefungwa." Nilirudi kesho, nilirudi kesho kutwa. Siku ya ine niliona kinini yetu ku soko, ndani ya kipande ya karatasi, inauzishwa kama dawa ya tumbo. Niliuliza mwenye kuuzisha nani anamuletea. Alisema bila kuficha: Jérôme. Leo Jérôme iko na nyumba ya étage. Nimemuona ku dirisha yake ya juu, na sikumusalimia.

Ya kununua kila siku singeweza, na kinini ya bure ilibakia Beni tu. Kilomita makumi tano na kitu. Benye balikuwa banatawala Butembo na benye balikuwa banatawala Beni balikuwa banachukiana ile wakati. Gari zilikuwa chache, na ikitoka, basoda banajaza wao. Kwa miguu singefika. Mais kinga ya Kambale ilibakia imetundikwa mu nyumba, ya Kichina, nyeusi, na porte-bagage ya chuma ya kubebea mizigo. Alikumbuka mutoto, akasahau kinga.

Mimi sikupanda kinga hata siku moja. Kwetu mwanamuke anabeba. Chuma yenye magurudumu ni ya mwanaume. Na batu bawili tu mu avenue yetu balikuwa banajua kinga ya safari, Saidi na bibi yake, puisque baba ya Mama Zaina alikuwa anatengeneza kinga Beni na alifundisha batoto yake bote.

Nilikaa siku moja nzima nafikiri. Kinini ilibakia ya siku tatu. Nikaenda.

Mama Zaina alikuwa anasonga unga. Hakusimama.

"Karibu. Unakunywa chai?"

"Nakunywa."

"Utakufa."

"Naelekea kule," nilisema.

Alinipa chai. Nilikunywa yote mbele yake, na batu ku njia banaangalia. Kisha nilisema yenye nilikujia kusema, kwamba nilitaja jina yake na nilikosa, kwamba ugonjwa ni wa kifua. Alipangusa mikono.

"Ile maneno ulisemea mu nyumba yenu. Utaisemea ku soko?"

Nilienda kuisemea ku soko, mbele ya bamama ya viazi na ya samaki. Ilikuwa vigumu kuliko kinini. Bengine bakarudi kununua mandazi, bengine hapana. Jioni ile, saa kumi na moja, Mama Zaina alinipeleka ku kiwanja ya mupira.

Nilivaa pantalon ya Kambale chini ya kitenge. Alikuwa anashika kiti nyuma na kukimbia, na mimi nilikuwa naanguka upande wa kushoto, kila mara kushoto. Vijana balikaa ku mafungu ya mawe kutazama.

"Mama, hiyo haiko ng'ombe, usiivute pembe."

"Muache, anatafuta viazi chini."

"Endesheni mudomo," Mama Zaina aliwaambia, "mimi naendesha huyu."

Nilikuwa nakanyaga mara kumi na kupumua mara makumi mbili. Magoti ilitoka damu. Siku ya pili nilizunguka kiwanja mara moja bila kuguswa, na kumbe aliniacha tangu goli ya kwanza. Siku ya tatu nilimeza kinini ya mwisho, na asubuhi nikatoka na bakinga ya Saidi.

Balikuwa batano, wote ni bachukuaji ya mafuta. Wanashuka Beni na bidon tupu, banapanda Butembo banasukuma bidon zimejaa, kijiti kimefungwa ku guidon, ile usukani ya kinga, na mukono ingine ku kiti. Saidi alinieleza sheria mbele ya bengine, na uso mukavu.

"Pneu ya gurudumu ikitoboka, bote tunasimama, hata ni mara kumi. Mutu akichoka, anakaa pembeni, sisi tunaenda. Kuchoka ni kwako. Kutoboka ni kwa njia."

Haikukuwa ubaya. Mwenye alibakia nyuma alinyanganywa, na benye balimungojea balinyanganywa naye. Bao habakujua niko na ugonjwa gani. Saidi alijua, akanyamaza.

Kushuka Beni ilikuwa kazi ya uzito tu. Upepo uliingia mu kifua ukatoka bila kuomba ruhusa. Kabasha niliishuka kwa miguu, nashika kinga kama mulevi, puisque ile kilima inashuka kama mutu amekasirika. Beni kuna joto, nilifika na chumvi ku uso. Infirmière wa kule, mama mwenye miwani, hakuniuliza nimekuja na nini. Alinipa kinini ya mwezi muzima, na glasi ya maji, na kiti yenye mugongo. Nakumbuka ile kiti. Miezi tatu nilikuwa nakaa ku benchi.

Nilipita kwa Mumbere. Bibi yake alitoka mupaka ku lupango, ile uzio ya nyumba, na kusema mutoto iko masomo. Ilikuwa siku ya Mungu, hakuna masomo. Nilimuona Alphonsine kati ya miti ya kahawa, amesimama, haji. Balimufundisha kuhesabu hatua kumi za kukaa mbali na mimi.

Kurudi ndio ilinijulisha mwili yangu. Kinini inaleta njaa ya ajabu, mara mbili nilikula muhogo mubichi njiani. Viungo inawaka. Mwezi wa ine, vumbi ya kiangazi mu koo, nilifika katikati ya Kabasha na miguu ikakataa. Nilikaa mu majani. Katembo, mwenye mudomo mu ile kundi, alipita bila kusimama.

"Mama ya viazi, baki salama. Tutakusalimia Butembo."

Nyuma yake Saidi alisema kwa sauti ya kuchoka, "Pneu."

Bote bakasimama, banaguna. Kuteremusha bidon tatu, kugeuza kinga, kutafuta tobo, kukata kiraka, kungoja gundi ikauke: inachukua wakati. Mimi nilipumua. Wakati alimaliza, nilikuwa nimesimama.

Mwezi wa tano, pale pale, nilikaa tena mu majani, na pneu ya Saidi ikaisha upepo tena. Mwezi wa sita, mvua imeanza, vilevile. Katembo alisema, "Saidi, hii pneu yako inajua Kabasha kuliko weye." Mimi nilikuwa karibu, na nilikuwa nimeona kidole ya Saidi ku valve, pale upepo inatokea.

 Vulamba nilimuuliza bibi yake. Alicheka kidogo, mandazi mu mafuta.

"Anafungua mwenyewe, ndiyo. Unafikiri ni kwa weye? Mimi ndiye nilimutuma. Ukifia mu njia na bwana yangu, batu batasema nimekumaliza. Utapona, mama, upende usipende."

Nilifurahi kusikia hivi. Huruma ingenilemea. Ile ya kweli, ya mutu mwenye kulinda jina yake, niliweza kuibeba ku mulima.

Ile mwezi wa sita pia, wakati wa kurudi, kuna barrière mbele ya Maboya. Soda moja, kijana, macho imeingia ndani, alifungua mufuko yangu. Aliuliza mu Lingala kuna nini ndani, kisha mu Swahili. Nilisema dawa ya kifua. Bengine balirudi nyuma. Yeye hapana.

"Na miye nakohoa," alisema. "Banameza ngapi?"

Nilimueleza. Nilimueleza pia kwamba ni miezi minane au ni bure. Alicheka mupaka akakohoa, na niliijua ile kikohozi, ilikuwa yangu ya zamani.

"Mama, miezi minane? Nani atakuwa ku hii barrière kisha miezi minane?"

Alichukua ya siku kumi, akaiweka mu mufuko ya shati, akafunga kifungo. Mwenzake alimuita Petit, maana yake mudogo. Namuandika kati ya benye balinikosea, hata kama jina haiko jina.

Donc mwezi haukutosha. Siku ya makumi mbili nilikuwa natazama mufuko tupu, na Saidi bado wiki moja ya kutoka. Kungojea ni kuruka siku saba, na kuruka ni kurudia mwanzo, na mutoto kubakia mwaka ingine. Nilitoka mwenyewe. Mama Zaina aliniwekea pompe na viraka, akasema, "Kama ikitoboka, hakuna wa kusimama naye. Tengeneza, usilie." Mvua ilininyeshea toka Butembo mupaka chini ya Kabasha. Matope ilijaa kati ya gurudumu na chuma, nilikuwa natosha na kijiti. Niliona nafasi yenye nilizoea kukaa wakati wa kupanda, mu majani pale, na nilipita. Beni yule mama wa miwani aliangalia karatasi, akaangalia matope.

"Uliruka?"

"Hapana."

Akaandika. Nilimeza mbele yake, maji inanitoka ku nguo na kujaa chini ya ile kiti.

Mwezi wa saba kilo makumi ine na tisa. Kitenge ikarudi kuzunguka mara moja. Katembo alianza kuniita "mama chauffeur". Mwezi wa munane balinitemesha makohozi mu vikopo bitatu, asubuhi tatu, na nilingoja Beni ku baraza ya hospitali pamoja na batu benye njaa na batu ya risasi. Ya nne asubuhi yule mama alikuja na karatasi, imepigwa cachet, ule muhuri ya hospitali. Hakusema pongezi. Alisema, "Peleka."

Kambale alikuwa kwa Mumbere, mu kiti, na mwanamuke ingine anamupikia. Alisoma karatasi, akaigeuza kuona nyuma.

"Cachet ni ya kweli?"

"Nenda uwaulize. Ni hatua mia tano. Mimi nimekuja kutoka Butembo."

Hakuenda kuuliza. Alimuita mutoto. Alphonsine alikuwa amerefuka, magoti imetoka chini ya robe, gauni yake ya zamani. Alisimama ku mulango, hatua kumi.

"Mama, karatasi inasema unaweza kunigusa?"

"Inasema."

Hakusogea. Nilifunga nguo zake ku guidon, nikakunja kitenge ku porte-bagage ili chuma isimuumize, nikashika kinga isianguke. Alizunguka kwa nyuma, akapanda mwenyewe. Kambale alisema kuhusu kinga, kwamba ni yake. Nilisikia. Tulikuwa tayari ku njia.

Milima tulitembea. Alikuwa upande mwingine wa kinga, chuma kati yetu, na alinielezea habari ya masomo yake kama mutu anaelezea mugeni. Pale njia ilinyooka, alipanda, na alishika chuma ya kiti, si mimi. Nilikuwa nasikia vidole vyake karibu ya mugongo yangu, havigusi. Niliendelea kukanyaga. Miezi minane ilinifundisha kwamba dawa haifanye kazi haraka.

Mbele ya Maboya njia inashuka kidogo, si kama Kabasha, mais kinga inakimbia. Majani ya ndizi ilianza kupita mbio. Nilisikia mukono moja ku kitenge yangu, kisha mbili ku tumbo, kisha shavu ku mugongo, pale pale kifua inapumulia.

"Mama, punguza."

"Shika nguvu," nilisema, na sikupunguza.